Mchanga ndani ya rangi: kisa cha Monet ufukweni Trouville, 1870

National Gallery, jumba la picha la London, ina picha moja ya mchoraji Mfaransa Claude Monet ambayo mgeni mwenye haraka huipita bila kuiona. Ni ndogo, sentimita 38 kwa 46.5 tu, na jina lake ni Ufukwe wa Trouville. Wanawake wawili wameketi ufukweni. Wa kushoto amevaa nguo nyeupe na kofia yenye maua, mwavuli wake umemtia kivuli usoni. Wa kulia amevaa nguo nyeusi, kichwa kimeinama kama cha mtu anayesoma. Katikati yao kuna kiti kitupu. Nyuma kuna anga ya Normandy iliyopakwa kwa mikono ya haraka, hata ukisogea karibu unaona kila brashi ilipoanzia na ilipoishia.

Jumba liliinunua mwaka 1924 kwa fedha za mfuko wa Courtauld. Wataalamu wake walipokuja kuichunguza kwa hadubini, kazi iliyowekwa wazi katika maonyesho yao ya 1990 kuhusu ufundi wa Waimpresionisti, kundi la wachoraji wa Ufaransa ambalo Monet alikuwa mmoja wao, walikuta chembe za mchanga na vipande vidogo vya makombe. Havikuwa vumbi lililotua juu ya picha baadaye. Vilikuwa vimenaswa ndani ya rangi, vimekauka pamoja nayo.

Ushahidi wa namna hii ni adimu. Wachoraji hupenda kujisifu kwamba walifanya kila kitu nje. Monet mwenyewe alimwambia mwandishi mmoja mwaka 1880 kwamba hajapata kuwa na studio maishani mwake, akamwonyesha Mto Seine na mashamba, eti hiyo ndiyo studio yake. Hakuwa mkweli, studio alikuwa nazo, na picha nyingi alizimalizia humo. Lakini mchanga haujisifu. Mchanga unasema kwamba siku moja ya kiangazi mwaka 1870, turubai hii ilikuwa ufukweni, rangi yake ikiwa mbichi, na upepo ulikuwa ukivuma.

Nataka kukichambua kisa hiki kwa kuuliza swali la kibiashara kuliko la kisanaa: ni bidhaa gani zilibidi ziwe zimekwisha kutengenezwa, kufungwa na kuuzwa dukani, kabla ya chembe hizo kuweza kunasa pale?

Jibu ambalo kila mtu hulitoa ni tyubu ya rangi. Huambatana na kauli ya Renoir, mchoraji mwenzake Monet, kwamba bila rangi za tyubu wasingekuwapo Cézanne, Monet, Sisley wala Pissarro, na Impresionizimu, mtindo wa kundi hilo, isingezaliwa. Kauli hiyo ni tamu, ila ikumbukwe imetufikia kupitia mwanawe, Jean Renoir, aliyeichapisha mwaka 1962, miaka zaidi ya arobaini baada ya baba yake kufariki. Siikatai. Nasema tu imebebeshwa mzigo usio wake. Tyubu haikumtoa mchoraji nje, kwa kuwa alikuwa ameshatoka zamani. Ilichofanya, ikisaidiana na bidhaa nyingine zisizotajwa sana, ni kuifanya kazi ya nje iweze kuhesabiwa kuwa picha kamili.

Watu waliokuwapo

Monet alifunga ndoa na Camille Doncieux tarehe 28 Juni 1870. Mtoto wao Jean alikuwa ameshazaliwa, Agosti 1867. Kiangazi hicho familia ilikwenda Trouville, mji wa mapumziko kwenye pwani ya Normandy ambao tangu 1863 ulikuwa na reli ya kuufikisha Paris. Bila reli hiyo ufukwe ungebaki wa wavuvi. Wanawake wa mjini waliovaa hivyo, wameketi kwenye viti mchangani bila kazi yoyote, waliletwa na treni kama wachoraji wao walivyoletwa.

Wakakaa Hotel Tivoli. Hoteli kubwa iliyotazama bahari, ile ya Roches Noires, Monet aliichora kwa nje. Picha hiyo sasa iko katika jumba la Musée d'Orsay, Paris. Tarehe 19 Julai Ufaransa ikaitangazia vita Prussia. Mchoraji Eugène Boudin naye alikuwa Trouville na mke wake. Huyu ndiye aliyemchukua Monet akiwa kijana huko Le Havre na kumfundisha kuchora chini ya anga, na miaka mingi baadaye aliandika kwamba bado anawakumbuka, Monet na Camille, pale Tivoli. Mwanamke mwenye nguo nyeupe kwenye picha yetu ni Camille. Wa nguo nyeusi hudhaniwa kuwa mke wa Boudin.

Vita, arusi, shida ya fedha: mtu angetegemea kuyaona hayo pichani. Hayamo. Kilichomo ni mwanga wa mchana, nguo, na mchanga.

Tyubu, na kilichokuwa ndani yake

Kabla ya tyubu, rangi ya mafuta iliuzwa katika kibofu cha nguruwe kilichofungwa kwa uzi. Ukitaka rangi unakitoboa kwa msumari mdogo, unakamua, kisha unaziba tundu kwa msumari uleule. Kuanzia hapo ni mashindano kati yako na hewa. Rangi inaanza kuganda, kibofu kinavuja, na ukikibana vibaya kwenye mkoba kinapasuka. Mwaka 1822 Mwingereza James Hams alijaribu bomba la kioo la kusukuma, likafanya kazi, lakini lilikuwa ghali na la kuvunjika.

John Goffe Rand, Mmarekani aliyekuwa akichora sura za watu na kuishi London, ndiye aliyepata hati ya hakimiliki ya tyubu ya bati inayokunjika, Uingereza na Marekani, mwaka 1841. Unaminya chini, rangi inatoka juu, tyubu inabaki imekunjamana na hewa hairudi ndani. Dawa ya meno iliingia katika tyubu za namna hiyo miongo kadhaa baadaye, kwa hiyo tunaposema tyubu ya rangi inafanana na ya dawa ya meno tunaisema historia kinyumenyume.

Watu huishia hapo: rangi ikawa ya kubebeka. Mimi naona jambo zito zaidi ni idadi. Kwa vibofu, mtu wa kwenda nje alichagua rangi chache, tena zile za bei nafuu, maana alichokitoboa leo kesho kingeweza kuwa kimeharibika. Rangi ghali haikuwa na maana kuitoboa kwa ajili ya doa moja la ua kwenye kofia. Kwa tyubu, doa moja ni doa moja tu. Unaminya kiasi cha punje, unafunga kifuniko, na iliyobaki inakusubiri kwa miezi. Mchoraji akaweza kwenda ufukweni na rangi kumi au kumi na mbili, zikiwemo zile ambazo angezitumia mara moja kwa siku.

Na rangi hizo zenyewe, nyingi hazikuwapo enzi za babu yake. Bluu ya kobalti ilitengenezwa na mkemia Thénard mwaka 1802, kwa kazi aliyopewa na serikali ya Ufaransa. Metali ya kromi iligunduliwa na Vauquelin mwaka 1797, na kutokana nayo ikapatikana njano kali ambayo ilienea sokoni katika miongo iliyofuata. Kijani kinachoitwa viridiani kilikuwa siri ya mtu mmoja huko Paris hadi Guignet alipopata hakimiliki ya njia nafuu ya kukitengeneza mwaka 1859. Bluu ya seruli ilianza kuuzwa London mwaka 1860. Ile bluu ya ultramarini, iliyokuwa ikisagwa kutoka jiwe la lazuli la Afghanistan na kuuzwa kwa bei ya kutisha, ilitangaziwa zawadi ya faranga 6,000 mwaka 1824 na chama cha kuendeleza viwanda cha Ufaransa: nani ataitengeneza kwa gharama isiyozidi faranga 300 kwa kilo? Guimet akaipata, akatuzwa mwaka 1828.

Tazama tarehe hizo. Monet alizaliwa 1840. Bluu za anga na maji na kijani kibichi cha jani lenye jua, vyote vilikuwa vimeingia dukani katika maisha yake au ya baba yake. Havikutengenezwa kwa ajili ya wachoraji wa mandhari. Kromi ilikuwa na soko kubwa zaidi katika karatasi za ukutani, vitambaa na magari ya farasi. Mchoraji alipata makombo ya kiwanda cha kemia, na makombo hayo yakabadilisha rangi ya kivuli katika sanaa ya Ulaya.

Kivuli nakitaja kwa makusudi. Ukiwa na bluu ya kobalti na ya ultramarini tayari kwenye ubao wa kuchanganyia, huna sababu ya kuweka kahawia kwenye kivuli cha mchangani wakati jicho lako linaona ubluu. Mwaka 1905, alipoulizwa anatumia rangi gani, Monet alitaja chache: nyeupe ya risasi, njano ya kadimi, vermilioni, nyekundu ya mzizi wa madara, bluu ya kobalti, viridiani, basi. Hakuna nyeusi, hakuna udongo wa kahawia. Pale Trouville miaka 35 kabla alikuwa hajafika huko. Nguo ya mwanamke wa kulia ni nyeusi ya kweli, nzito, na nafikiri picha inafaidika nayo. Bila ule weusi, nguo nyeupe ya Camille isingewaka hivyo.

Kuna jambo jingine ndani ya tyubu ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni ugumu wa rangi. Rangi inayosagwa na mchoraji asubuhi kwa kutumiwa mchana inaweza kuwa laini na ya kutiririka. Rangi ya dukani lazima ikae rafuni miezi bila unga kujitenga na mafuta. Watengenezaji wakaisaga kwa mashine, wakaongeza nta kidogo, na kwa rangi nyepesi wakapenda mafuta ya mbegu za mpopi kuliko ya kitani kwa sababu hayageuki manjano haraka. Matokeo yake ni rangi nzito kama siagi, inayosimama pale ilipowekwa na kuhifadhi alama ya nywele za brashi. Mafuta ya mpopi pia hukauka polepole. Fundi wa zamani angeyaona hayo kuwa kasoro. Ukitazama nguo ya Camille, mistari minene ya nyeupe iliyoburutwa kwa mkupuo mmoja juu ya rangi ambayo bado ni mbichi, unaona mtu aliyeikubali kasoro hiyo na kuifanya lugha yake. Na rangi nzito isiyokauka haraka, kwenye ufukwe wenye upepo, ndiyo hasa inayonasa mchanga.

Turubai yenye namba

Ukubwa wa picha hii si wa bahati. Turubai ya sentimita 46 kwa 38 ilikuwa, na hadi leo ni, namba 8 katika orodha ya Wafaransa ya turubai za sura za watu. Maduka ya Paris yaliuza turubai zikiwa zimeshawambwa kwenye fremu ya mbao na kupakwa rangi ya msingi, kwa namba, na kila namba ilikuwa na umbo la sura, la mandhari na la bahari. Mwanafunzi aliyeingia dukani alisema namba tu.

Hapa jina la umbo halikumfunga Monet. Anachora ufukwe kwenye turubai iliyokusudiwa sura ya mtu, kisha anaweka sura mbili kubwa hadi zinakatwa na ukingo wa chini. Umbo la dukani limeamua kiasi fulani ukaribu wa watu hao. Siwezi kuthibitisha kwamba angewaweka mbali zaidi kama angekuwa na turubai ndefu ya bahari, lakini kila nikiitazama naona watu waliobanwa katika mraba, na mbano huo ndio unaoipa picha uhai wake.

Kisha kuna rangi ya msingi. Kwa karne nyingi turubai zilipakwa kahawia au nyekundu ya udongo, mchoraji akapanda kutoka gizani kwenda kwenye mwanga. Karne ya 19 maduka yaliuza za msingi mweupe, wa malai, na wa kijivu hafifu. Picha yetu ina kijivu hafifu, na Monet amekiacha kionekane sehemu nyingi kati ya brashi na brashi. Kwa hiyo kabla hajagusa turubai, hewa ya Normandy ya siku yenye mawingu ilikuwa imeshapakwa na kibarua asiyejulikana katika karakana ya Paris. Kilichobaki kilikuwa kuongeza mwanga juu na giza chini. Kwa mtu anayeshindana na jua linalotembea, kuokoa saa moja ya kupaka rangi ya kati si jambo dogo.

Brashi nazo. Brashi za zamani zilifungwa kwenye unyoya wa ndege au kwa uzi, na kwa hiyo zilikuwa za mviringo. Karne ya 19 ikaleta pete ya chuma inayobana nywele, na pete hiyo ikigongwa inakuwa bapa. Brashi inakuwa bapa pia. Alama yake ni kibandiko chenye pembe, si mstari unaonenepa na kukonda. Mwaka mmoja kabla ya Trouville, kiangazi cha 1869, Monet na Renoir walikaa bega kwa bega pale La Grenouillère, mahali pa kuogelea kwenye Mto Seine, na mawimbi ya Monet katika picha iliyoko National Gallery ni mikupuo mipana ya brashi bapa, mmoja kando ya mwingine, bila kulainishwa. Picha ya Trouville inaendeleza mkono uleule kwa kitambaa na mawingu.

Kwa kiegemezo cha kukunja cha kuwekea turubai, kiti, mwavuli na sanduku lenye mifereji ya kubebea turubai mbichi zisigusane, sitasimama sana. Vilikuwa vitu vya dukani pia, vilivyouzwa zaidi kwa wasafiri na mabwana na mabibi waliochora kwa kujifurahisha. Hili lenyewe lina maana. Tasnia ya vifaa vya kuchorea nje ilijengwa kwa fedha za watu wasiokuwa na kipaji chochote cha kukumbukwa, na Waimpresionisti wakaikuta imekamilika. Walikuwa wateja wadogo, na baadhi yao walipaji wabaya.

Pingamizi

Msomaji makini atasema: tyubu ni ya 1841, Trouville ni 1870. Kama tyubu ndiyo chanzo, mbona ilisubiri miaka 30?

Na atakuwa na haki ya kwenda mbali zaidi. Mchoraji Mfaransa Pierre-Henri de Valenciennes alichora kwa mafuta nje, kwenye karatasi, akiwa Roma katika miaka ya 1780, na kitabu chake cha mwaka 1800 kinawaelekeza wanafunzi kwamba mchoro wa nje usizidi saa mbili, na ukiwa wa macheo au machweo usizidi nusu saa, kwa sababu mwanga haukungoji. Hilo ni wazo ambalo kwa kawaida tunampa Monet. Corot alifanya hivyo Italia kuanzia 1825. Mwingereza Constable alichora mawingu ya Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822, kwa mafuta, karatasi ikiwa imebandikwa kwenye kifuniko cha sanduku lake. Wote hao kwa vibofu.

Pingamizi hili linaua hadithi nyepesi ya tyubu, na ni vizuri iuawe. Lakini tazama walichofanya na michoro hiyo. Valenciennes aliihesabu kuwa mazoezi ya jicho na akiba ya kumbukumbu. Picha ya kuonyesha watu ilijengwa studio, ikiwa na miti iliyopangwa na mashujaa wa Kirumi. Constable aliyatunza mawingu yake nyumbani. Mchoro wa nje ulikuwa malighafi. Ulikuwa mwembamba, mdogo, wa rangi chache, juu ya karatasi, na hakuna aliyetarajia auze kitu kama hicho kwa jina la picha.

Picha ya Trouville inachukua mwendo uleule wa saa mbili na kuuweka juu ya turubai ya namba, yenye msingi wa kiwandani, fremu nyuma yake, na rangi kamili kuanzia nyeusi hadi nyeupe nene. Kwa mwili wake ni picha ya dukani. Unaweza kuitia fremu ya dhahabu kesho yake. Tofauti kati ya mchoro na picha, ambayo zamani ilionekana hata kwa kupapasa, haikuonekana tena. Ilibaki katika akili ya mtazamaji tu. Miaka 30 ya kusubiri ilihitajika ili bidhaa nyingine zikamilike, rangi za 1859 na 1860 ziingie katika tyubu, reli zifike pwani, na ipatikane kizazi cha vijana ambacho hakikuona haya kuuza kazi ya alasiri moja. Hilo la mwisho halikutengenezwa kiwandani.

Pale vifaa viliposhindwa

Kuna njia nzuri ya kupima uzito wa bidhaa hizi, nayo ni kumtazama Monet alipojaribu kuzipita. Mwaka 1866, huko Ville d'Avray, aliamua kuchora nje picha ya wanawake bustanini yenye kimo cha mita mbili na nusu, karibu sentimita 255 kwa 205. Hakuna namba ya dukani ya kubeba kwapani hapo. Ili aifikie sehemu ya juu bila kubadilisha mahali anapotazamia, akachimba handaki ardhini na kuiteremsha turubai kwa kapi. Camille alisimama kama kielelezo cha wanawake hao. Picha hiyo, iliyoko sasa Musée d'Orsay, ilikataliwa na waamuzi wa maonyesho rasmi ya Paris, Salon, mwaka 1867.

Ninaipenda picha hiyo, lakini ni ya kukakamaa. Mwanga wake ni wa kweli na watu wake ni sanamu. Handaki na kapi vilitatua tatizo la urefu, havikutatua la muda. Hakuna mwanga wa jua unaodumu kiasi cha kujaza mita tano za mraba. Miaka minne baadaye yuko ufukweni na namba 8 magotini au kwenye kiegemezo, na wanawake wake wanapumua. Amekuwa mchoraji bora zaidi, ndiyo. Pia amekubali kipimo cha mkoba.

Bei ya kutegemea duka ilikuwapo. Aliyesaga rangi yake alijua kilichomo. Aliyenunua tyubu alimwamini muuzaji. Wauzaji waliongeza mafuta ili unga usitengane, na mchoraji Degas akawa anayafyonza mafuta hayo kwa karatasi kabla ya kuchora. Nyekundu kadhaa zilizouzwa kwa uzuri wake zilikufa kwa mwanga. Nyuma ya mwanamke aliyechorwa na Renoir mwaka 1883, Bibi Clapisson, katika picha iliyoko Art Institute of Chicago, palikuwa na wekundu mkali. Leo umebaki ubluu wa baridi, na wekundu ulionekana tu pale picha ilipotolewa kwenye fremu na ukingo uliofichwa ukafunuliwa. Njano ya kromi nayo ina tabia ya kugeuka kahawia. Tunapousifu mwangaza wa Waimpresionisti mara nyingine tunasifu kilichosalia.

Upande mwingine wa kaunta walikuwapo watu kama Julien Tanguy, ambaye alianza kwa kuwazungukia wachoraji mashambani akiwauzia rangi, kisha akafungua duka dogo Paris na kupokea picha badala ya fedha. Kwa hiyo dirisha lake likajaa Cézanne wakati ambapo hakuna aliyemtaka. Muuza tyubu aligeuka kuwa jumba la maonyesho bila kukusudia.

Kilichofuata

Vuli ya 1870 Monet alivuka kwenda London kuikwepa vita, na huko akakutana na mwuza picha Paul Durand-Ruel, ambaye angekuja kuwa tegemeo la kundi zima. Tarehe 15 Aprili 1874 kundi hilo likafungua maonyesho yao ya kwanza katika studio ya mpigapicha Nadar, boulevard des Capucines. Siku kumi baadaye mhakiki Louis Leroy akaandika kejeli yake katika gazeti la Le Charivari, akisema karatasi ya ukutani ambayo bado haijakamilika kutengenezwa imekamilika zaidi kuliko mandhari ya bahari ya Monet iliyokuwa pale. Watu huicheka kejeli hiyo leo. Mimi naona Leroy alitazama vizuri na kuhukumu vibaya. Alikiona kilichokuwapo: rangi ya msingi iliyoachwa wazi, rangi nene iliyobaki na alama ya brashi, bluu na machungwa yasiyolainishwa. Alichogoma kukubali ni kwamba kazi imeishia hapo.

Bidhaa hizo ziliendelea kuzaa mambo ambayo hakuna mtengenezaji aliyeyawazia. Mwandishi Maupassant, aliyemwona Monet akifanya kazi Étretat, pwani ya Normandy, mwaka 1885, alieleza jinsi watoto walivyomfuata wakimbebea turubai tano au sita za kitu kilekile kwa saa tofauti. Mawingu yakibadilika anaiweka moja na kuchukua nyingine. Jambo hilo halifanyiki kama kila turubai lazima uiwambe na kuipaka msingi mwenyewe kwa wiki. Linahitaji turubai zinazofanana, zilizo tayari, za kuagiza kwa namba. Marundo ya nyasi na kanisa kuu la Rouen, mifululizo ya miaka ya 1890, yamesimama juu ya tabia hiyo.

Novemba 1885, chini ya jabali la Manneporte huko Étretat, Monet alikosea hesabu ya maji kujaa. Wimbi likamtupa kwenye mwamba na kumburuta, na akamwandikia Alice Hoschedé, aliyekuja kuwa mke wake wa pili, kwamba ubao wa rangi ulimpiga usoni hadi ndevu zikajaa bluu na njano, na kwamba alipoteza picha aliyokuwa akiichora pamoja na kiegemezo na mkoba wake. Ilikuwa turubai moja. Kazi ya msimu ule alikuwa ameigawa katika nyingine nyingi.